Chikungunya ya 2004: mbona ilianzia Lamu, tena mwaka wa kiangazi?

#1 MwanaMkomani
Asalaam aleikum. Nina swali limenikaa kooni tangu Ijumaa, na humu najua wamo waliougua, wamo wa maabara, wamo wazee wetu.

Vijana wa afya walipita mtaani, wakachungulia birika (lile tangi la kujengwa la kuogea), mapipa na tangi la darini. Wakammulikia mama viluwiluwi kwa tochi, wakaomba kutia dawa. Mama akakataa katakata. Msimwone mkaidi. Mwaka 2004 alilala na chikungunya, ile homa ya mbu inayofunga viungo, siku kumi na moja, na mpaka leo kidole chake cha kati, mkono wa kulia, hakikunjiki alfajiri mpaka akitie kwenye maji ya moto. Mbu anawachukia kuliko mtu yeyote mtaani. Ila ana maswali mawili, na mimi nimeshindwa kumjibu.

La kwanza: mbona ugonjwa ule ulikuja mwaka wa kiu? Mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, mitaa ilijaa maji na mbu wakawa kama moshi, lakini hatukuanguka hivyo. Mwaka 2004 visima vimepungua, ndipo tukalala nyumba nzima nzima.

La pili: hiyo dawa ya kutia kwenye maji ya kunywa ilipimwa vipi, na juu ya nani?

Nasubiri.

#2 FundiLangoni
Waaleikum salaam. La kwanza mbona jepesi. Uliletwa na vyombo. Lamu ni bandari tangu enzi za jahazi za kaskazi na kusi. India walikuwa nao ugonjwa huo miaka ya sitini, mabaharia wakatuletea. Jua na mvua havimo.

#3 Mpimaji_Malindi
Fundi, nusu yako sawa, nusu hapana. Ni kweli Calcutta ilipigwa mwaka 1963. Lakini virusi vina nasaba kama watu. Vya Asia vya miaka ile ni ukoo wao. Vilivyotoka kwenye damu za pwani yetu 2004 ni ukoo wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Safari ilikuwa kinyume na unavyosema: Lamu katikati ya 2004, Mombasa mwishoni mwa mwaka huohuo, Komoro mwanzoni mwa 2005, kisha kisiwa cha Réunion ambako kufikia 2006 theluthi ya wakazi walikuwa wameugua. India nayo ikapigwa upya na ukoo huu wa kwetu.

Kuhusu kiangazi, mama yako ameona jambo ambalo watafiti wameliandika. Mbu wa chikungunya si yule wa malaria. Ni Aedes aegypti, mweusi, ana madoa meupe miguuni kama amevaa soksi za mistari, na anauma mchana. Dimbwi la barabarani halimshughulishi. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo cha binadamu. Sasa mvua ikikatika watu hufanya nini? Wanaweka akiba. Pipa, mtungi, birika, jerikeni lililokatwa mdomo. Na kwa kuwa maji ni ya kuhesabu, hayamwagwi na chombo hakisuguliwi. Yai linahitaji siku 7 hadi 10 tu kuwa mbu anayeruka. Ongeza joto: hewa ikiwa moto, virusi hukomaa upesi ndani ya mbu mwenyewe, akaanza kuambukiza mapema.

Kwa hiyo kiangazi ndicho kilichomlea.

#4 BintiShela
Sisi Shela tulikuwa saba, tukaugua sita. Wa saba ni kaka yangu, alikuwa chuoni Nairobi. Mpaka leo anajisifu kuwa ana damu ngumu.

#5 NahodhaMatondoni
Mimi nali na mashua, napakia boriti. Nilipatwa niko kazini mtana kweupe. Asubuhi nimetweka mwenyewe, alasiri sikuweza kushika henza, kamba ya kutwekea tanga. Vidole vimefura, viwiko vimefura, mato mekundu. Walinishusha kama gunia. Wiki ile Matondoni hakuna chombo kilichotoka, hakuna wa kutweka tanga. Msikitini watu waliswali wamekaa, rukuu haiwezekani.

Na imbu wale sikuwaona usiku hata mmoja. Ni wa mtana, kama alivyosema kijana wa Malindi.

#6 Mzalendo_Pate
Poleni. Nasikia asilimia 75 ya Lamu nzima iliugua, na kwamba hapo ndipo dunia ilipoujua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza. Sisi tumewapa jina na dawa bado hatuna.

#7 MwalimuMstaafu
Mzalendo, vijana watainukuu hiyo, basi niisahihishe.

Asilimia 75 ni ya kisiwa cha Lamu, siyo wilaya nzima. Oktoba 2004 watafiti walipima damu ya watu 288, wakakuta 215 wana alama za kuwahi kuambukizwa. Kisiwa kilikuwa na watu kama 18,000, ndiyo ikapatikana hesabu ya 13,500.

Wala haukujulikana kwanza Lamu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 kuingia 1953 huko Newala, uwanda wa Makonde, Tanganyika. Walioandika ni Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, maandiko yakatoka 1955. Jina ni la Kimakonde, maana yake ni kile kinachokunja mtu, kinachompinda. Aliyemwona nahodha siku ile angeelewa bila kamusi.

#8 FundiLangoni
Maalim, watu 288 wanasemeaje watu 18,000? Mimi sikupimwa. Mke wangu hakupimwa. Hiyo ni ramli.

#9 NahodhaMatondoni
Fundi, ukiingia na chombo mlangoni, unapima bahari yote kwa bildi? Unatupa hapa, unatupa pale, unatupa tena, unajua maji yako mapima mangapi. Ila usitupe upande mmoja tu.

#10 Mpimaji_Malindi
Nahodha amenimalizia kazi. Na "usitupe upande mmoja tu" ndiyo siri yenyewe. Wangepima waliokuja hospitali peke yao wangepata karibu wote wana ugonjwa. Inabidi nyumba zichaguliwe bila upendeleo, wazima kwa wagonjwa.

Alama zenyewe, yaani kinga za damuni, ni za aina mbili. Moja huonekana wiki za mwanzo kisha hupungua, nayo inaonyesha maambukizi ya karibuni. Nyingine huja baadaye na kukaa miaka. Oktoba wengi walikuwa na hiyo ya kukaa, maana kilele cha ugonjwa kilikuwa Julai.

#11 Kilifi_Kwetu
Samahani kuingilia. Je, ilikuwa chikungunya kweli? Kuna binamu yake, o'nyong-nyong, aliyeanzia Uganda 1959 na kuangusha watu kama milioni mbili Afrika Mashariki kwa miaka mitatu. Homa ileile, viungo vilevile. Huyo anabebwa na Anopheles, mbu wa malaria. Kinga zao zinafanana kiasi kwamba kipimo cha damu kinaweza kuwachanganya.

#12 Mpimaji_Malindi
Hoja nzuri, na kwa kipimo cha kinga peke yake ni kweli wanachanganyika. Lakini 2004 virusi vyenyewe vilitolewa kwenye damu za wagonjwa na kusomwa. Ilikuwa chikungunya. Ninachokubali ni kuwa miongoni mwa wazee huenda wengine walikuwa na kinga ya o'nyong-nyong ya miaka ya sitini ikahesabiwa humo.

#13 Mjukuu_wa_Unguja
Nipo Zanzibar, nawasoma. Hapa kwetu na bara Tanzania tunasema kidingapopo, ila ni dengi, si chikungunya. Popo wanaingiaje sijui, maana popo hahusiki kabisa.

#14 MwalimuMstaafu
Hapo umegusa penye utamu. Popo ni pepo aliyegeuzwa jina. James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar, alikuta mwaka 1870 watu wakiita homa ile "kidinga pepo", na wazee wakamwambia iliwahi kupita kama 1823. Maana yake ni mshtuko wa ghafla unaokaza mwili kana kwamba umepandwa na pepo. Wapo wanaoona jina hilo lilisafiri hadi visiwa vya Karibi, likafika mlipuko wa 1827 na 1828, Waingereza wakaligeuza "dandy", Wahispania wakalitamka "dengue", kisha likaturudia na kofia ya kigeni.

Kuna zaidi. Mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alizisoma upya habari za 1823 na 1870. Maumivu ya viungo yaliyodumu miezi, akasema, si ya dengi, ni ya chikungunya. Akiwa sahihi, basi jina la Kiswahili la ugonjwa wetu limepewa ugonjwa mwingine, na wetu ukabaki kuazima la Kimakonde.

#15 FundiLangoni
Basi nilisema! 1823, 1870, yote bandarini Zanzibar. Vyombo!

#16 Mpimaji_Malindi
Hahaha, Fundi umekamata usukani huo huachii. Vyombo vinaeneza, sikatai. Mama wa mleta uzi anauliza kilichowasha.

#17 Mrabai
Kwa upande wangu naona mnamsahau mbu mwenyewe. Hapa Rabai watafiti wamekuja miaka na miaka kwa sababu moja: tuna Aedes aegypti wa aina mbili wanaokaa jirani. Mmoja ni wa msituni, hutaga kwenye matundu ya miti na hupenda harufu ya wanyama. Mwingine wa ndani, hutaga kwenye mitungi ya udongo na humfuata binadamu. Mwaka 2014 kikundi cha mtafiti wa mbu Carolyn McBride kilionyesha kuwa wa ndani wana kipokezi cha harufu kinachofanya kazi kwa nguvu zaidi, nacho kinanasa kemikali iliyo nyingi kwenye harufu yetu. Yaani mtungi ndani ya nyumba ulimfundisha mbu kumpenda mtu, kizazi baada ya kizazi.

Mji kama Lamu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, mabirika ndani, uchochoro wa hatua mbili. Mbu huyu haruki mbali, mita mia kadhaa tu. Lamu hana haja ya kuruka.

#18 Mzalendo_Pate
Na kima? Afrika virusi hivi hukaa msituni kati ya kima na mbu wa miti. Bara yetu ina misitu. Mkata boriti mmoja anatosha kuvileta kisiwani. Nahodha alikuwa anapakia nini vile?

#19 NahodhaMatondoni
Boriti za mikoko, kijana wangu. Kima sijamwona mikokoni. Tafuta mshitakiwa mwingine.

#20 BintiShela
Mimi nina dhana yangu. Kabla ya 2004 hakuna aliyekuwa na kinga. Mji mzima ulikuwa mkavu kama makuti, kiberiti kimoja tu. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi leo: waliozaliwa baada ya 2004 hawajaguswa. Wanangu watatu. Darasa zima la madrasa. Mandera ilipigwa 2016, Mombasa mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Sisi tunangoja nini?

#21 MwanaMkomani
Shukran nyote. Dada BintiShela, mama amesomewa hiyo yako akanyamaza muda mrefu. Wajukuu wake wote wanne wamezaliwa baada.

Jamani, swali la pili. Dawa ya birika.

#22 Mpimaji_Malindi
Nianze na ya zamani, temefosi. Ni jamaa wa sumu za shamba zinazovuruga neva. Shirika la Afya Duniani linaruhusu itiwe kwenye maji ya kunywa, kipimo kisizidi miligramu 1 kwa lita.

Kipimo kama hicho hakitoki hewani. Wanyama wa maabara hupewa dozi tofauti kwa muda mrefu, inatafutwa ile ya juu kabisa ambayo haikuonyesha madhara yoyote. Hiyo haipewi mtu. Kwa kawaida inagawanywa kwa 10 kwa kuwa mtu si panya, kisha kwa 10 tena kwa kuwa mtoto mchanga na mgonjwa si sawa na mzima. Mara 100. Mbali na hayo hupimwa kwa samaki, nyuki na vidudu vya majini, kwa sababu mwisho wa safari maji ya birika huenda baharini.

Sasa hesabu ya nyumbani. Chenga zake nyingi zina dawa asilimia 1, iliyobaki ni mchanga. Lita 1,000 zinahitaji gramu 100 za chenga. Mtungi wa lita 20 unahitaji gramu 2, chini ya nusu kijiko cha chai.

#23 Mama_Ganda
Nusu kijiko? Kwetu miaka iliyopita walipita watu wa mradi mmoja wakatia kwa kiganja. Kiganja! Mtungi wa lita 20. Maji yakanuka wiki mbili, mtoto wangu akakataa kunywa, nikamwaga yote na mwezi ule maji nilinunua kwa punda. Nilipouliza wakaniambia ni salama, imepimwa. Imepimwa, ndiyo. Lakini wao hawakupima.

#24 Mpimaji_Malindi
Mama, una haki ya kukasirika. Kiganja kwenye mtungi ni zaidi ya mara kumi ya kipimo. Usalama uliothibitishwa maabara ni wa kile kipimo, si wa jina la dawa.

#25 MwanaMkomani
Hili nimemsomea mama mara mbili. Amesema: "Huyo wa Ganda ndiye mimi."

#26 Kilifi_Kwetu
Siku hizi kuna ya bakteria pia, Bti. Iligunduliwa 1976 jangwa la Negev huko Israeli, kwenye kidimbwi kilichojaa viluwiluwi wafu. Bakteria ana kifuwele cha protini. Utumbo wa kiluwiluwi una magadi, kifuwele kinayeyuka humo na kutoboa utumbo. Tumbo letu lina asidi, wala hatuna vishikizo ambavyo protini hiyo hujishikiza. Samaki hawadhuriki. Tatizo lake huzama na kuisha nguvu, inabidi kurudia baada ya wiki moja au mbili.

#27 MwalimuMstaafu
Nashangaa hakuna aliyetaja samaki. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na jibu kabla ya maabara. Nendeni mkaangalie birika la chooni katika nyumba ya zamani. Chini kabisa, kwenye sakafu ya chokaa, kuna kibakuli cha kauri kimepachikwa, kile cha buluu na nyeupe cha Uchina. Watalii wanapiga picha wakidhani ni pambo. Hapo ndipo samaki wanapokimbilia maji yakipungua, wasife wakati birika linasubiri kujazwa. Wadogo, urefu wa kifundo cha kidole. Wanakula viluwiluwi siku nzima. Nikiwa mtoto nilikuwa natumbukiza kata kwa taratibu nisiwachote, nasikia wananigusa kucha.

Birika lile ni la kuogea na kutawadhia. Maji ya kunywa yalikaa kwenye mtungi wenye kifuniko.

Tulipoleta mapipa ya plastiki na matangi ya darini, samaki hawakupanda darini.

#28 Mzalendo_Pate
Maalim, umenirudisha kwa nyanya yangu. Kwetu hata kwenye jabia, lile tangi la maji ya mvua, walitiwa.

#29 BintiShela
Mimi ningeongeza mwarobaini. 2004 nyanya alituchemshia majani, tukanywa, tukaoga, siku ya tano homa imekatika. Sote sita.

#30 Mpimaji_Malindi
Dada, nisamehe. Homa ya chikungunya kwa wengi hukatika yenyewe ndani ya wiki. Mngekunywa chai kavu ingekatika. Ili kujua ni mwarobaini, nusu yenu mngekunywa na nusu msinywe, kisha tuwalinganishe.

Réunion walifanya hivyohivyo kwa klorokwini, kwa sababu madaktari wengi waliamini inasaidia viungo. Wagonjwa wengine wakapewa dawa, wengine kidonge kitupu, bila kujua nani kapata nini. Homa haikuwa na tofauti. Siku ya 200 waliopewa klorokwini ndio waliolalamika zaidi maumivu ya viungo. Bila kile kidonge kitupu dawa ile ingeendelea kusifiwa mpaka leo.

#31 BintiShela
Umemgusa nyanya yangu, sasa nitajaribu mwenyewe. Ndoo tatu. Subiri.

#32 Mzee_Barani
Chanjo je? Nilisikia ipo. Mimi nina miaka 71, naomba jibu la wazi.

#33 Kilifi_Kwetu
Mzee wangu, zipo mbili, na moja ina habari inayomhusu mtu wa umri wako. Ixchiq imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Marekani iliipa kibali Novemba 2023, ikiangalia kinga inayoonekana kwenye damu, kabla ya kuthibitisha inazuia ugonjwa wenyewe. Baadaye yakaja madhara mazito, hasa kwa wazee, na Agosti 2025 kibali chake huko kikasimamishwa. Ya pili, Vimkunya, ilipata kibali Februari 2025, haina virusi hai, ni maganda yake tu.

Watu wapatao 3,000 walichanjwa kwenye jaribio kubwa la ile ya kwanza. Dhara linalompata mtu mmoja katika 10,000 huwezi kuliona hapo kwa uhakika. Ndiyo maana kupima hakukomi siku ya kibali.

#34 Mzee_Barani
Ahsante mwanangu. Bora umesema.

#35 Mama_Ganda
Na damu zetu wanazochukua watafiti kila siku huku Kilifi na Malindi? Jirani alitolewa, hakuambiwa majibu mpaka leo. Watu wanasema zinauzwa.

#36 Mpimaji_Malindi
Mimi ndiye ninayeshika hizo chupa, basi nijibu kwa nafsi yangu. Kwa mtu mzima mara nyingi ni mililita 5, kijiko kimoja cha chai. Haziuzwi. Lakini kutorudisha majibu ni kosa, na nimeona likitokea. Mtu akitoa damu ana haki ya kujua inapimwa nini, itahifadhiwa miaka mingapi, itavuka mipaka au la, na ana haki ya kukataa asinyimwe matibabu. Yakikosekana hayo, uvumi ni matunda yake. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa 1987 na kupendekezwa kwa watoto 2021, na Kilifi ilikuwa moja ya vituo 11 vya jaribio kubwa katika nchi saba za Afrika. Akina mama wa huku waliotoa watoto wao kupimwa ndio walioifikisha. Mtu kama huyo hawezi kuachwa bila jibu.

#37 BintiShela
Nimerudi na ndoo zangu. Nimechota viluwiluwi kwenye pipa la nyuma, 20 kila ndoo, nimehesabu kwa kijiko cheupe mpaka mato yameuma. Ndoo A: visamaki viwili kutoka kwa jirani. Ndoo B: mwarobaini uliotwangwa, kiganja kimoja (Mama Ganda unisamehe). Ndoo C: maji matupu. Baada ya saa 24:

A: hakuna hata mmoja. Wamelika kabla ya alasiri.
B: wamekufa 14.
C: wamekufa 9.

Mwarobaini oyee.

#38 Mpimaji_Malindi
Nimefurahi mno, nimemwonyesha bosi wangu. Lakini tazama ndoo C. Maji matupu yameua 9 kati ya 20, asilimia 45. Kwetu, wafu wakizidi asilimia 20 kwenye maji matupu jaribio zima linatupwa. Kuna kitu kingine kimewaua. Ndoo zilikuwa za nini?

Kama C wangekufa 2 tu, yaani asilimia 10, hapo tungesahihisha: 70 toa 10, gawanya kwa 90, mwarobaini wako ungepata kama asilimia 67. Sasa hauna hesabu.

#39 BintiShela
Ndoo ni za kufulia.

#40 FundiLangoni
Sabuni! Mwarobaini umeokolewa na sabuni!

#41 Mpimaji_Malindi
Utando wa sabuni unawazamisha, hawawezi kupumua juu ya maji. Rudia kwa ndoo mpya, na kila moja iwe na nakala zake nne. Maabara tunatumia vikombe vinne vya viluwiluwi 25, na vinne vya maji matupu. Tena chukua wa umri mmoja, wakubwa walio karibu kugeuka usiwachanganye na wachanga.

Na wewe, MwanaMkomani, kabla ya dawa wala samaki: mwaga birika, shika brashi ngumu, sugua ukuta pale maji yalipoishia. Mayai hayako majini, yamegandishwa ukutani juu kidogo ya mstari wa maji. Meusi, madogo kama unga wa masizi. Ukipitisha kucha unahisi mkwaruzo. Yanakaa makavu miezi, maji yakirudi yanaanguliwa. Kumwaga bila kusugua ni kazi bure.

#42 MwanaMkomani
Tumesugua leo asubuhi. Mama ameshika brashi mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Masizi yapo kweli, mstari mzima. Ametaka tumtafutie visamaki vya birika. Tangi la darini tumelifunga wavu. Dawa amesema watarudi, na siku hiyo waje na kijiko na mizani, waisome karatasi mbele yake, ndipo atafikiri.

Swali lake la kwanza nimemwambia wadau wamegawanyika: ukame, mtungi, vyombo, msitu, kukosa kinga. Amesema yeye bado anataka kujua kwa nini Lamu na si Malindi, maana kiangazi kilikuwa kimoja.

#43 Mrabai
Hilo ni zito. Malindi nyumba zimeachana.

#44 FundiLangoni
Na vyombo vya Komoro vinatia nanga wapi?

#45 NahodhaMatondoni
MwanaMkomani, visamaki viko kwenye kisima changu. Njoo na mama yako Jumamosi, mai yakijaa, mje na chombo chenye mdomo mpana. Kisiwe cha kufulia.

#46 BintiShela
Nahodha, na mimi niwekee sita. Ndoo mpya nimenunua, viluwiluwi nimeshatenga 100 kwenye beseni, wote wa kimo kimoja. Naanza kesho alfajiri.